Pilipili kwenye nchi za baridi: tazama mwanga kabla ya joto

Mpilipili ukifa ndani ya nyumba ughaibuni, lawama zote huiangukia baridi. Mara nyingi baridi wala haimo. Nyumba inayopashwa joto ina nyuzi 19 hadi 21 mchana kutwa, na mpilipili hauna neno na hizo. Kinachoua ni mwanga hafifu ukiandamana na maji mengi. Mmea usiopata mwanga haunywi, hivyo udongo hubaki chepechepe, mizizi inakosa hewa, inaoza, na majani yananyauka. Mwenye mmea akiona yamenyauka, anaongeza maji. Kazi imekwisha.

Basi kabla ya kununua chungu, hesabu saa za jua. Karibu na ikweta mchana una saa 12 mwaka mzima, ndiyo maana wengi wetu hatukuzoea kuufikiria mwanga kama kitu cha kupimwa. London, siku iliyo fupi kuliko zote huwa na saa 8 hivi za mwanga. Stockholm, Uswidi, ni kama 6, tena jua lenyewe limelala chini na kioo cha dirisha kinapunguza kilichobaki. Mche unaoota hapo Januari bila taa hurefuka kama uzi, unapauka na kulala ubavu. Hakuna mbolea ya kutibu hilo.

Taa si lazima iwe ya gharama. Taa nyeupe ya LED yenye rangi ya kati ya 4000K na 6500K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) inatosha kwa miche. Iweke sentimita 15 hadi 20 juu ya majani kama ni ya kawaida, 30 au zaidi kama ni yenye nguvu, na uipandishe kadiri mche unavyokua. Iwake saa 14 hadi 16, kisha iwe giza kabisa. Swichi ya saa ifanye kazi hiyo, maana binadamu husahau. Zile taa za zambarau zinaotesha pia, ila chini yake huwezi kujua jani limegeuka njano au lina wadudu. Mimi naona nyeupe ni bora.

Kalenda nayo haina huruma. Jamii ya pilipili hoho na zile ndefu nyembamba (Capsicum annuum) huchukua siku 60 hadi 80 tangu kuhamishiwa chungu kikubwa mpaka kuvunwa. Pilipili mbuzi (Capsicum chinense) hutaka 90 hadi 120, na pilipili kichaa haiko mbali na hapo. Ongeza wiki 8 hadi 10 za utoto wa miche. Kwa hiyo anayeishi kaskazini mwa dunia asie mbegu za pilipili mbuzi Januari, au Februari mwanzoni. Hoho zinaweza kungoja hadi mwisho wa Machi. Ukisia mbuzi mwezi Mei, utapata kichaka kizuri na matunda mabichi ambayo baridi ya Oktoba itayakuta hayajaiva.

Mbegu unaweza kuzitoa kwenye tunda lililoiva kabisa, likiwa jekundu, la njano au la machungwa kulingana na aina. Za tunda la kijani mara nyingi hazijakomaa. Zianike kivulini kwenye sahani au karatasi kwa wiki moja, kisha zifunge pakavu. Zitaota vizuri kwa miaka 2 hadi 4. Jua tu kwamba tunda la dukani huenda ni chotara, na watoto wake hawatafanana na mama. Kuhusu kubeba mbegu kwenye sanduku la safari: nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea hata kwa pakiti ndogo, kwa hiyo soma sheria ya unakokwenda kabla ya kupanda ndege.

Kusia kwenyewe ni rahisi. Trei au vikopo vyenye matundu, udongo laini wa kuoteshea usio na mbolea kali, mbegu 2 kila shimo, kina cha nusu sentimita hadi sentimita 1. Nyunyiza maji ya uvuguvugu, funika kwa plastiki. Hapa ndipo joto lina maana: udongo wenyewe uwe nyuzi 25 hadi 30. Hewa ya chumba ikiwa nyuzi 20, udongo uliolowa wa trei iliyo dirishani unaweza kuwa 16, na mbegu hulala humo mpaka zikaoza. Mkeka wa joto wenye kidhibiti kilichowekwa nyuzi 27 humaliza tatizo hilo. Ushauri wa kuweka trei juu ya friji umepitwa na wakati, kwani friji nyingi za siku hizi hazina joto la maana upande wa juu. Chomeka kipimajoto udongoni ujionee. Hoho huchomoza kwa siku 7 hadi 14. Mbuzi na kichaa zinaweza kufika wiki 4, na kufukua kila asubuhi kutazama kunazivunja.

Mche wa kwanza ukichomoza, ondoa plastiki na uwashe taa siku hiyohiyo. Toa mkeka, shusha joto hadi nyuzi 18 mpaka 22 ili miche isirefuke ovyo, na weka feni ndogo ipulize polepole. Upepo huimarisha shina, tena hukausha uso wa udongo. Miche inayoanguka ghafla huku shina limenywea na kuwa jeusi pale linapogusa udongo imepigwa na fangasi wa kitaluni. Iliyoanguka haiokoki, punguza maji, ongeza hewa, uokoe iliyosimama.

Majani halisi mawili (yanayofuata yale mawili ya kwanza ya mbegu) yakishatoka, hamishia kwenye chungu cha sentimita 7 hadi 9. Shika mche kwa jani, usiushike shina, maana jani likichanika litaota jingine lakini shina likipondwa ndiyo basi. Mizizi ikichungulia matunduni, nenda chungu cha sentimita 13, kisha cha mwisho: lita 5 kwa aina ndogo, lita 10 au zaidi kwa pilipili mbuzi. Kuruka hatua na kuutia mche mdogo kwenye ndoo kubwa ni kosa linalorudiwa sana. Udongo usio na mizizi haukauki, na tunarudi kulekule kwenye kuoza.

Changanya mafungu 3 ya udongo wa vyungu na fungu 1 la perlaiti (punje nyeupe nyepesi za madini zinazoingiza hewa udongoni). Udongo wa bustanini hugandamana ndani ya chungu na huja na wageni. Kokoto chini ya chungu hazisaidii kutoa maji, ingawa kila mtu huambiwa aziweke: maji husimama pale udongo unapokutana na mawe, kwa hiyo unachofanya ni kulipandisha tope karibu zaidi na mizizi. Tundu moja zuri linatosha.

Maji usiyapangie siku. Nyanyua chungu. Kikiwa chepesi, mwagilia mpaka yatoke chini, ngoja dakika 20, kisha mwaga yaliyobaki sahanini. Kikiwa kizito, kiache. Majani yaliyonyauka juu ya chungu kizito ni dalili ya mizizi iliyozama. Ukiona vipele vidogo chini ya majani, si mayai ya wadudu. Mizizi inanywa kuliko majani yanavyoweza kupumua, na dawa yake ni maji machache na hewa zaidi.

Mbolea ianze wiki 3 baada ya kupandikiza, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maua yakianza, hamia mbolea ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya, yenye potasiamu nyingi, kila baada ya siku 7 hadi 10. Naitrojeni ikizidi utapata majani mapana ya kijani kibichi na hata ua moja lisishike. Ukoko mweupe juu ya udongo ni chumvi za mbolea. Peleka chungu bafuni, kipitishie maji mara mbili ya ujazo wake, kiache kichuruzike.

Maua kudondoka huwatia watu wengi hofu. Usiku ukiwa chini ya nyuzi 13, au mchana ukipita 32, chavua haifanyi kazi na mmea huliachilia ua. Hewa kavu ya chumba chenye kipasha joto huleta matokeo hayohayo, na kiu pia. Ndani ya nyumba tena hakuna nyuki wala upepo. Ua la pilipili lina kiume na kike pamoja, kwa hiyo tikisa matawi taratibu mchana, au pitisha brashi laini ndani ya kila ua. Doa jeusi lililobonyea kwenye ncha ya tunda linatokana na kalisi kutofika, na chanzo huwa ni kukausha chungu kisha kukigharikisha.

Vidukari hupenda machipuko ya ndani kwa sababu hakuna wa kuwala. Osha mmea kwa maji bafuni, halafu nyunyiza sabuni ya maji isiyo na manukato, mililita 5 hadi 10 kwa lita, upande wa chini wa majani, jioni au taa ikiwa imezimwa. Rudia kila siku 5 mara tatu. Utando mwembamba na majani yenye vidoa vya njano ni utitiri: dawa ni ileile, pamoja na kuongeza unyevu wa hewa. Vijinzi vyeusi vinavyoruka udongoni vinakwambia unamwagilia kupita kiasi. Acha sentimita 3 za juu zikauke kila mara.

Kama una kibaraza, toa mimea nje joto la usiku likishatulia juu ya nyuzi 12. Siku ya kwanza iache kivulini kwa muda wa saa moja tu, kisha ongeza kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10. Mmea uliokulia nyuma ya kioo haujui jua kali, na ukitolewa ghafla majani hubabuka meupe.

Matunda yavune kwa mkasi. Ukali umo kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, na ukali huo hautoki mikononi kwa maji matupu: paka mikono mafuta ya kupikia kwanza, kisha osha kwa sabuni.

Na usiutupe mpilipili Oktoba. Ni mmea wa miaka mingi. Kabla ya barafu ya kwanza, kata matawi yote ubaki na kigogo chenye umbo la Y, urefu wa sentimita 15 hivi. Punguza theluthi ya mizizi, badilisha udongo, osha shina kwa sabuni, uweke mahali penye nyuzi 10 hadi 15. Maji kikombe kimoja kila wiki 2 au 3, mbolea hapana. Februari kwaruza gome kwa ukucha: kijani chini yake maana yake uko hai. Rudisha kwenye taa na joto, na matunda yatatangulia yale ya miche mipya kwa wiki kadhaa. Chunguza machipuko ya kwanza kila siku, maana vidukari nao huwa wameyangojea.