Usiku wa Saa Kumi na Nne

Wazo lilikuwa la shemeji yangu. Mwishoni mwa mwaka 2013 alikuja kukaa nasi Clarkston, nje kidogo ya jiji la Atlanta, kwa likizo ya chuo. Siku moja alitandaza ramani juu ya meza ya kulia na kusema wikiendi ndefu ya Martin Luther King isitupite bure: Jumamosi tarehe 18 Januari hadi Jumatatu tarehe 20, twende tukatembee mwanzo wa Njia ya Appalachian. Njia hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 3,500. Inaanzia Springer Mountain, humu humu Georgia, inakata majimbo 14 na kuishia kileleni Katahdin, jimbo la Maine. Wanaotaka kuimaliza yote kwa mkupuo mmoja wengi huanza mwezi wa tatu au wa nne, baridi ikiwa imelegea. Sisi tulitaka siku tatu tu, ila za katikati ya Januari.

Nilikubali upesi kuliko alivyotegemea. Mimi ni mtu wa Machame, na baba yangu alikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ada zangu za shule zilishuka na mgongo wake kutoka mlimani. Nyumbani kwetu mlima ulikuwa kazi. Hakuna aliyeupanda kwa kupenda, na mimi baba alinikataza kabisa, akisema amebeba ili nisibebe. Kwa miaka mingi nilitamani kukaa na mzigo mabegani siku nzima, kwenye baridi, walau nijue kidogo alichokuwa akikijua. Sikuwahi kumwambia mtu.

Mpango wa kwanza wa shemeji ulikuwa mkubwa. Tuanzie maporomoko ya Amicalola, tupande ngazi zake 604, twende karibu kilomita 14 za njia ya kuunganishia mpaka Springer, kisha kilomita nyingine 50 hadi Neel Gap (“gap” ni pengo la chini kati ya milima), tukivuka Blood Mountain, mlima mrefu kuliko yote katika sehemu ya Georgia ya njia hiyo, mita 1,359. Jumla kilomita zaidi ya 60. Mama watoto alikuwa anamenya viazi. Aliusikiliza mpango wote bila kumkatiza mdogo wake, halafu akauliza jua linazama saa ngapi huko.

Tukatafuta. Linazama kabla ya saa 12 jioni, na asubuhi linachomoza saa 2 kasoro hivi. Mwanga ni saa kumi tu na dakika chache. Usiku unabaki karibu saa kumi na nne.

“Basi nielezeni huo usiku,” alisema. “Mchana mtatembea, nimeelewa. Usiku mtaufanyaje?”

Swali hilo liligeuza kila kitu. Mpaka hapo tulikuwa tumepanga safari ya miguu. Kuanzia jioni ile tulipanga namna ya kukaa gizani, tukiwa tumeacha kutembea, damu imepoa, ndani ya vibanda vya mbao ambavyo upande mmoja uko wazi. Vibanda hivyo vimejengwa kando ya njia kwa umbali wa mwendo wa siku au pungufu. Vina paa na sakafu, ila havina mlango wala moto. Upepo ukigeukia upande ule ulio wazi, umelala nje.

Kisha ikaja ile baridi ya tarehe 6 na 7 Januari 2014, hewa ya ncha ya kaskazini iliposhuka mpaka kusini mwa Marekani. Atlanta ilifika nyuzi 14 chini ya sifuri, kiwango ambacho watu wa huku hawakukizoea hata kidogo. Majirani walikuwa wanafungulia mabomba yadondoke kidogo kidogo yasipasuke. Sisi tuliona hii ndiyo nafasi ya kujaribu vifaa, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Tukatandika nyuma ya nyumba.

Kabla ya kulala nilimpigia baba. Saa 4 usiku kwetu ni saa 12 asubuhi kwake, na alikuwa ameshaamka anachochea moto. Nilimweleza tunachofanya. Nilitegemea anikanye. Alinyamaza kidogo, akauliza, “Chini mmetandika nini?”

Nikamwambia: kila mtu ana godoro moja jembamba la kujaza upepo.

“Ongezeni. Baridi ya juu unaiona inakuja, ya chini inakula taratibu. Na maji ya moto mtie kwenye chupa, mfunge sana, mlale nayo mapajani. Mwanangu, hiyo chupa ni mke wa mgumu.”

Nilijaribu na jiko. Mtungi mdogo wa gesi, tuliouacha nje tangu alasiri, ulitoa moto mnyonge wa kufa kufa. Sababu nilikuja kuisoma kesho yake: butani inaacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, isobutani karibu na nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani peke yake ndiyo inayoendelea kwenye baridi kali zaidi. Mchanganyiko ulio ndani ya mtungi ukifika nyuzi 14 chini, ni ile propani chache tu inayofanya kazi. Baba hakujua habari za propani, lakini aliponisikia nalalamika alisema niuweke mtungi ndani ya koti, tumboni, nusu saa kabla ya kupika. Nilifanya hivyo na moto ukarudi.

Shemeji aliingia ndani saa 8 usiku. Mama watoto alikuwa ametuwekea sharti: atakayesema anasikia baridi anaingia wakati huo huo, hapaulizwi, hapabishwi. Asubuhi tulikagua pamoja. Mfuko wake wa kulalia ulikuwa sawa na wangu. Tofauti ilikuwa chini. Mimi niliongeza sponji chini ya godoro kama baba alivyosema, yeye alitaka kwanza aone godoro peke yake litafika wapi. Tulipata jibu, na sponji ya pili ikaingia kwenye orodha. Sharti la dada yake nalo likaingia, neno kwa neno, kwamba huko njiani mmoja akisema turudi, tunarudi.

Lililobaki gumu ni mvua. Baba alirudia jambo hili kila tulipoongea, mpaka nikaelewa kwamba hapa ndipo palipo na watu wake aliowapoteza, ingawa hakuwataja. Kule Machame mgumu analowa msituni siku ya kwanza, halafu anapanda na nguo hizo mbichi kwenye upepo. Milima ya kaskazini ya Georgia ina hatari ya namna hiyo hiyo. Theluji kavu ya nyuzi 8 chini unaikung'uta begani. Mvua ya nyuzi 3 juu ya sifuri inapenya shingoni, inashuka mgongoni, inachukua joto la mwili kwa kasi ambayo chakula hakiwezi kulirudisha. Kwa hiyo jinzi za shemeji zilibaki kabatini, na fulana zote za pamba pia, maana pamba ikilowa haikaushwi na mwili. Tulichukua sufu. Nguo za kulalia na soksi za usiku zilifungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na hizo hazivaliwi njiani hata iweje. Asubuhi unavua kavu, unavaa mbichi, unatetemeka dakika kumi na kuanza kutembea. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote kwa shemeji kulikubali, na sikumlaumu.

Njia yenyewe tuliikata karibu nusu. Tukaacha Amicalola, tukaacha na Blood Mountain. Tungeshushwa kwenye barabara ya msitu namba 42, inayokata njia kama kilomita moja na nusu kutoka kilele cha Springer. Tupande tukaguse bamba la mwanzo, tushuke, na kufuata alama nyeupe za kwenye miti hadi kibanda cha Hawk Mountain. Siku ya pili kibanda cha Gooch Mountain, kilomita 12 hivi. Siku ya tatu kilomita kama 8 tu hadi Woody Gap, inapopita barabara ya lami namba 60. Uzuri wa kipande hiki ni kwamba kina mahali pengi pa kutokea: Hightower Gap, Horse Gap, Cooper Gap na Gooch Gap zote zina barabara za msitu. Na kama barabara namba 42 ingekuwa na barafu, maana ni ya kokoto, tungeanzia Woody Gap, twende Gooch Mountain na kurudi, basi.

Mama watoto aliandika yote hayo kwenye karatasi kwa mkono wake na kuibandika kwenye friji: tutalala wapi, tutatokea wapi, saa ngapi aanze kuwa na wasiwasi, saa ngapi apige 911, namba ya dharura. Saa hizo mbili alizichagua mwenyewe. Aliongeza pia kwamba tukisikia milio ya bunduki usiku tusikimbie, kwa sababu wanajeshi wa Ranger, kikosi cha jeshi la Marekani, wana kambi yao ya mafunzo karibu na hapo na huzunguka milima ile gizani na risasi za bandia. Alikuwa amesoma kuliko sisi.

Chakula kilizungumzwa jioni kadhaa. Unga haukuwa shida, Clarkston ina Wakongo na Warundi wa kutosha na maduka yao yana unga wa kila namna. Lakini ugali unagandia sufuria, na kuosha sufuria kwa maji ya barafu, gizani, vidole vimekufa ganzi, ni kujitafutia matatizo. Tukaamua uji wa karanga asubuhi na jioni, dagaa wa kukaanga, tende, na tangawizi nyingi. Chujio la maji lingelala ndani ya mfuko wa kulalia na mimi, kwani vimirija vyake vikiganda vinapasuka na jicho halioni. Chupa za maji tungezisimamisha kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu. Hilo la chupa nalo lilitoka kwa baba, la usiku wa kupanda kileleni.

Ijumaa usiku tulipima mizigo kwenye mizani ya bafuni. Wangu ulikuwa kilo 16. Nikampigia baba kumwambia. Alisema enzi zake za mwanzo hakuna aliyepima; baadaye wakaweka mizani getini, mzigo wa mgeni usizidi kilo 20, na siku ya kwanza ya mizani hiyo alikaa pembeni akaitazama muda mrefu. Hakuwahi kunisimulia hilo. Akasema, “Kamba za mabegani legeza ukishuka, kaza ukipanda.” Akaniombea.

Barabara namba 42 ilipitika. Tulitembea tulivyopanga, tukalala tulivyopanga, kwenye upepo mkali na bila tone la mvua. Kila usiku nilikumbatia chupa ya maji ya moto. Huo mwendo una habari zake nyingine. Jumatatu mchana tuliteremka Woody Gap na gari letu lilikuwa limeshafika, kabla ya saa iliyoandikwa, chai ikiwa kwenye chupa.

Nilimpigia baba tukiwa bado tumesimama pale. Aliuliza mabega yangu yanasemaje. Nikamwambia yanauma, hasa la kushoto. Akacheka kwa furaha kabisa, akasema lake pia lilikuwa la kushoto.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea Dahlonega, shemeji alikuwa ameshafungua tena ramani: kutoka Woody Gap, juu ya Blood Mountain, hadi Neel Gap, tulale huko mwezi wa tatu. Nikamwambia kuanzia tarehe 1 Machi ukilala kati ya Jarrard Gap na Neel Gap lazima uwe na kopo gumu la chakula lisilofunguliwa na dubu, hivyo uzito utaongezeka. Dada yake, mikono kwenye usukani, alituambia tununue na sponji zaidi, na dereva tumtafute mwingine, kwa sababu mara hiyo anatembea na sisi.