Karanga Katika Karatasi ya Hesabu

Mwezi wa Oktoba 1985, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kilimo mjini Nanjing, nilipelekwa pamoja na wenzangu wanne, sote Waafrika, kukaa siku tatu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Fengyang, mkoani Anhui. Safari hiyo iliitwa mafunzo kwa vitendo, na katika ratiba tuliyopewa iliandikwa kwamba tungejifunza kupanda ngano ya majira ya baridi kwenye mashamba yaliyokwisha vunwa karanga. Tulijifunza kweli, nami hadi leo naweza kueleza mbegu ile inafukiwa kina gani. Lakini si ngano iliyonifanya niikumbuke safari ile kwa miaka 40.

Tulivuka mto Yangtze asubuhi kwa treni, juu ya daraja la Nanjing lililofunguliwa mwaka 1968, tukashuka katika kituo kidogo kabla ya kufika Bengbu, na kutoka hapo tukapakiwa kwenye tela la pawatila pamoja na magunia ya mbolea. Aliyetuongoza alikuwa mwalimu wetu wa agronomia, mtu mfupi mwenye kofia ya bluu, ambaye katika miaka ya sabini aliwahi kufanya kazi kwenye shamba la mpunga la Mbarali, kule Mbeya, lililojengwa kwa msaada wa China. Kiswahili chake kilikuwa Kiswahili cha mferejini: alijua "fungua maji", "funga maji", "bado kidogo" na "kesho bila kukosa", na mimi aliniita "ndugu", kama watu walivyoitana kwetu enzi za TANU.

Mimi ni Mgogo. Nilikuwa na miaka tisa Operesheni Dodoma ilipoanza mwaka 1971, na naikumbuka siku baba alipoambiwa aiache tembe yake iliyokuwa peke yake kando ya korongo, akajenge kwenye mstari pamoja na kaya nyingine. Baba hakubisha. Aling'oa milango, kwa sababu mbao zilikuwa adimu, akaziacha kuta zisimame. Katika kijiji kipya palikuwa na shamba la pamoja, kila kaya ilitoa mtu kwa zamu, na katibu aliandika mahudhurio katika daftari. Shuleni, juu ya ubao, palitundikwa kalenda ya Kichina yenye picha ya Dazhai, ile brigedi, yaani kijiji cha kulima pamoja, ya mkoa wa Shanxi ambayo tangu mwaka 1964 Mao Zedong aliwataka wakulima wa nchi nzima waige mfano wake: matuta yaliyochongwa mlimani kama ngazi, na watu wenye majembe begani wakitabasamu. Nilikua nikiamini kwamba kijiji chetu kikivumilia kitafika pale. Nilipopata ufadhili wa kwenda China mwaka 1982, baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliniambia niangalie jinsi wenzetu wanavyofanya, kisha nimwandikie.

Nilifika wakati mbaya kwa agizo hilo. Mwaka ule ule katiba mpya ya China iliziondolea komyuni za umma, zile jumuiya kubwa za kulima pamoja zilizogawanyika katika brigedi na timu, mamlaka ya kiserikali, na hadi kuanza kwa mwaka 1985 karibu zote zilikuwa zimekwisha vunjwa, mahali pake pakiwa na serikali ndogo za vitongoji na kamati za vijiji. Fengyang ilikuwa na sifa ya pekee katika jambo hilo. Mwishoni mwa 1978, baada ya mwaka wa ukame, wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang walikutana kwa siri, wakaandika mkataba wa kugawana mashamba ya timu yao kwa kaya, wakatia alama za vidole, na wakaahidiana kwamba viongozi wao wakifungwa au kuuawa kwa sababu hiyo, waliobaki watawalea watoto wao hadi watimize miaka 18. Wan Li, aliyekuwa katibu wa chama wa mkoa, aliwakingia kifua badala ya kuwaadhibu. Ardhi haikuwa mali ya mtu; ilibaki ya jumuiya na haikuuzwa. Kaya ilikabidhiwa vipande vyake kwa mkataba, ikatoa nafaka iliyopangiwa na serikali, ikaacha fungu la kijiji, na kilichobaki kikawa chake. Mwaka 1984 muda wa mikataba hiyo ulirefushwa hadi miaka 15, na mavuno ya nafaka ya mwaka huo, kwa nchi nzima, yalipita tani milioni 400, hata wakulima wengine wakahangaika kutafuta ghala la kupokea nafaka yao.

Sisi hatukupelekwa Xiaogang bali kijiji kingine cha wilaya hiyo, ambacho kiligawana mashamba baadaye kidogo, wakati haikuwa tena siri. Nilichokiona kwanza ni wembamba wa viwanja. Mwalimu wetu yeye aliona mfereji. Ulikuwa mfereji mrefu, uliochimbwa kwa mikono na mamia ya watu enzi za komyuni, na sasa ulikuwa umejaa matope na matete, kwa kuwa kila kaya ilisafisha urefu wa kiwanja chake tu, na nyingine hazikusafisha kabisa. Alisimama ukingoni muda mrefu, akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, kwa uchungu wa mtu aliyezeeka kwenye mashamba ya umwagiliaji: "Ndugu, fungua maji hakuna." Namtaja kwa sababu watu wengi wanaposimulia mageuzi yale huuruka mfereji. Mganga wa kijiji pia, mmoja wa wale wakulima waliopewa mafunzo mafupi ya tiba na kuitwa madaktari peku, alikuwa ameacha kutibu kwa mchango wa jumuiya na sasa alilipwa na mgonjwa mwenyewe.

Usiku wa pili tulikaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa karani wa alama za kazi wa timu ya uzalishaji. Nilimwita *daye*, neno wanalomwitia mtu aliyemzidi baba umri, yaani kama baba mkubwa, naye akacheka kusikia Kichina changu. Mke wake alileta chai na viazi vitamu vya kuchemsha, akasema kwamba zamani wageni wangepewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa kuwa michembe ndiyo iliyokuwa chakula chao cha miezi ya njaa, na kwamba yeye hawezi tena kuitia mdomoni. Wenyeji wa Fengyang walijulikana tangu kale kwa kutoka makundi kwa makundi na ngoma ndogo kwenda kuomba chakula mikoa mingine. Mama yule alitoka hivyo mara mbili, mara ya mwisho akiwa na barua ya brigedi yenye mhuri, iliyothibitisha kwamba ni mkulima mwenye njaa na si mzururaji.

Mzee aliponisikia nikitaja Tanzania alitikisa kichwa kwa kutambua. Miezi miwili kabla, Mwalimu Nyerere alikuwa Beijing katika ziara yake ya mwisho akiwa rais, na tarehe 21 Agosti Deng Xiaoping, kiongozi mkuu wa China wakati huo, alimweleza kwamba mageuzi ya China ni jaribio na kwamba yameanzia vijijini. Mzee alizisikia habari za ziara hiyo katika kipaza sauti cha kijiji. Basi akaniuliza, mwalimu akitafsiri pale lahaja iliponishinda:

"Huko kwenu mnalima pamoja?"

Nilijibu kwamba tunalima pamoja. Nilikuwa na miaka 23, nimevaa suti ya kuazima, na nilijiona balozi. Nikaeleza ujamaa kama nilivyoukariri katika somo la siasa: kwamba ardhi ni ya wote, kazi ni ya wote, na kila mtu hupata kulingana na kazi aliyoifanya. Sikusema kwamba shamba la pamoja la kijiji chetu lilikuwa limeota magugu tangu nilipokuwa darasa la sita, wala kwamba baba alikwenda kule siku za zamu yake na kurudi mapema ili awahi shamba lake mwenyewe.

"Na nani anaandika?" akauliza mzee.

"Katibu wa kijiji."

Alicheka hadi akakohoa. "Hapa niliandika mimi," alisema.

Kisha akaeleza jinsi alivyoandika. Mwanamume mwenye nguvu alipata alama 10 kwa siku, mwanamke alama saba au nane hata kama alipalilia mistari sawa na mumewe, na mwisho wa mwaka alama zote zilijumlishwa ili timu igawane kilichobaki baada ya serikali kuchukua chake. Katika mwaka mbaya, alisema, kazi ya siku nzima ya mwanamume haikutosha kununua pakiti ya sigara za bei ya chini. Mtu aliyekwenda shambani na kuegemea jembe alipata 10, na aliyelima kwa nguvu alipata 10, na yeye karani, aliyewajua wote wawili, aliandika 10 na 10.

Halafu akafika mwaka 1958. Hapo mwalimu wetu aliacha kutafsiri. Alisema tu, "Ulikuwa mwaka mgumu," akachukua kikombe chake cha chai. Lakini mzee aliendelea, na Kichina cha namba nilikijua vizuri kuliko cha kitu kingine chochote. Alitaja jin kwa mu. Jin ni nusu kilo na mu ni sehemu ya 15 ya hekta, na kwa mtu wa kilimo hesabu hiyo hujifanya yenyewe kichwani. Mwaka ule magazeti yalitangaza kwamba sehemu moja ya Guangxi imevuna zaidi ya jin 130,000 za mpunga kwa mu moja, yaani karibu tani 1,000 kwa hekta, kiasi ambacho hata kukirundika tu juu ya hekta hiyo ni kazi. Kila brigedi ililazimika kutaja namba isiyoaibisha. Mzee aliandika alichoambiwa akiandike, serikali ikadai nafaka kulingana na alichoandika, na nafaka iliyochukuliwa ilikuwa ya kweli. Anhui ni miongoni mwa mikoa iliyoumizwa vibaya zaidi na njaa iliyofuata, kati ya 1959 na 1961, ambayo kwa China nzima iliua watu wanaohesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Hakutaja waliokufa kwake. Alisema tu kwamba mwaka 1961 katibu wa mkoa wa wakati huo, Zeng Xisheng, aliruhusu mashamba yakabidhiwe kaya, wakapata chakula, na mwaka uliofuata katibu huyo akaondolewa nao wakaamriwa warudi kwenye kulima pamoja. Ndiyo maana siipendi hadithi ya Xiaogang inaposimuliwa kana kwamba watu 18 waligundua usiku mmoja jambo ambalo hakuna mkulima aliyewahi kuliwaza. Walilijua, tena wengi walikuwa wamelionja, wakanyang'anywa.

Mwalimu alisimama, akasema kwamba kesho tunaamka mapema. Mzee akaingia chumbani, akarudi na karanga za kukaanga alizozifunga katika pakiti tano za karatasi zilizosokotwa kama zile za wauza karanga wa stendi ya Dodoma, akatugawia. Mimi alinipa ya mwisho, akaushika mkono wangu pamoja na pakiti, akasema maneno ambayo mwalimu hakuyatafsiri wala sikuyahitaji yatafsiriwe: "Usiwe karani, mwanangu."

Nilizila zile karanga kitandani, gizani, na asubuhi nilipoifungua karatasi niliona kwamba ni ukurasa wa daftari la alama za kazi, la Mei 1974. Majina yaliandikwa kwa wino wa bluu, siku za mwezi zikipita juu, na chini yake mistari ya 10, 10, 10, na mingine ya saba, saba, saba. Mmoja wa wanawake alikuwa na siku nne zilizoachwa wazi, kisha zikaendelea saba. Nilipokwenda kuaga nilimwonyesha mzee, nikamuuliza siku zile nne zilikuwa za nini. Aliisogeza karatasi karibu na macho, akaitazama sana, akasema hakumbuki.

Ripoti yangu ya mafunzo ilikuwa na kurasa sita kuhusu mbegu, nafasi na mbolea, na ilipata alama nzuri. Barua kwa baba ilinichukua zaidi ya wiki mbili, na nilipoituma mwezi wa Novemba nilikuwa nimemweleza yote: mkataba wa siri, mfereji uliojaa matope, mzee na namba zake, na jibu nililompa. Majibu yake yalifika karibu miezi miwili baadaye, yameandikwa na mdogo wangu kwa niaba yake. Hakunilaumu kwa uongo wangu wala hakusema lolote kuhusu Dazhai. Aliuliza jambo moja tu: mashamba yale waligawana kwa kura, au wakubwa walichagua kwanza?

Nilimjibu kwamba ni kwa kura, vikaratasi katika bakuli, na kwamba kila kaya ilipata kipande cha ardhi nzuri na kipande cha ardhi mbaya, ndiyo maana viwanja vilikuwa vyembamba kama mikeka iliyotandikwa bega kwa bega. Barua yake iliyofuata haikuligusa tena jambo hilo. Ilihusu mvua, na ng'ombe aliyezaa.