Oneko alishinda rufaa na bado hakurudi kwake

Wale sita wa Kapenguria, walioshtakiwa na wakoloni wa Kenya kwa kuongoza Mau Mau, wengi tunawataja kwa haraka tu, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba, Oneko, halafu tunabaki na Kenyatta peke yake. Mimi nimekwama kwa Achieng Oneko, siku kadhaa sasa namuwaza yeye tu.

Gavana Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, wakazolewa usiku, na Aprili 1953 wote sita wakapigwa miaka saba na kazi ngumu. Januari 1954 Oneko akashinda rufaa. Yaani mahakama ya haohao wakoloni ikafuta hukumu yake! Unajua kilichofuata? Akashikwa tena papo hapo kwa sheria za hali ya hatari, akatiwa kizuizini, hakuna kesi wala tarehe ya kutoka. Wenzake walioshindwa walikuwa na miaka ya kuhesabu, yeye aliyeshinda hana hata cha kuhesabu. Hapo ndo roho inaniuma.

Na ukiangalia upande wa serikali unaona wamejifunga wenyewe, maana mfungwa wa hukumu siku yake ikifika unamfungulia mlango na hakuna anayekuuliza, lakini huyu uliyemzuia kwa kusema tu ni hatari, siku ukimwachia itabidi ueleze hatari imeenda wapi. Kenyatta alimaliza kifungo Aprili 1959, wakamzuilia Lodwar, huko kaskazini. Hali ya hatari ikaondolewa Januari 1960, bado yuko Lodwar. Miezi michache baadaye gavana Renison akasimama akamwita kiongozi wa giza na mauti, sasa baada ya maneno hayo unamwachiaje mtu? Huku nje watu wanaimba Uhuru na Kenyatta, chama cha KANU kikashinda uchaguzi wa 1961 kikakataa kuunda serikali mpaka atoke, na kila mwezi waliomshikilia ndo jina lake lilizidi kukua. Agosti mwaka huohuo wakamwachia, na miaka miwili haikuisha akawa waziri mkuu.

Hapo katikati kuna kambi ya kizuizini ya Hola pia, Machi 1959, wazuiliwa 11 walipigwa na askari wa kambi mpaka kufa kwa sababu ya kukataa kulimishwa. Hao hawakusubiri kuachiwa.

Oneko naye alitoka 1961, akawa waziri wa habari, 1966 akajiuzulu akamfuata Oginga Odinga kwenye KPU, chama cha upinzani. Mwaka huohuo bunge letu wenyewe likapitisha tena nguvu za kumzuia mtu bila kesi, sheria ya kwetu kabisa, na Oktoba 1969 baada ya damu kumwagika Kisumu, KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakazolewa. Oneko akiwemo. Safari hii rais ni yule aliyekaa naye kizimbani Kapenguria.

Alitoka 1975. Jumlisha vipindi vyote viwili ni kama miaka 15, na hukumu moja aliyowahi kupewa kwenye hayo yote ni ile iliyofutwa.