Endometriosisi kwa ultrasaundi: mkono mmoja kwenye probu, mwingine tumboni

Ripoti nyingi ninazoletewa zimeandikwa "kizazi na ovari viko sawa", na mwenye ripoti kila mwezi anajikunja kitandani. Mashine haikudanganya. Amepimwa juu ya tumbo, kibofu kimejaa pomoni, picha tatu nne, basi. Kwa njia hiyo endometriosisi, yaani tishu kama ya utando wa ndani wa kizazi inayoota nje yake, haionekani, labda iwe imeshajenga uvimbe mkubwa kwenye ovari.

Mimi huanza na maswali kabla ya jeli. Tendo la ndoa linauma kwa ndani? Haja kubwa je, siku za hedhi? Mkojo? Majibu yananiambia pa kukaa muda mrefu. Kisha napima kwa probu ya ukeni, kile kifaa cha mashine kinachotoa picha. Jeli naitia ndani ya kondomu inayovalishwa probu pia, maana hewa ikibaki picha inakatika. Kibofu nakitaka na mkojo kidogo tu: kikiwa kitupu kuta zake hujikunja zikaficha vinundu (uvimbe mdogo mgumu wa endometriosisi), kikijaa kinasukuma kizazi mbali na probu. Asiyewahi kukutana na mwanamume simpimi ukeni. Akiridhia napima kupitia njia ya haja kubwa, asiporidhia nashauri MRI.

Nafuata hatua 4 za IDEA, kundi la kimataifa la wataalamu wa endometriosisi, zilizotolewa mwaka 2016: kizazi na ovari, maumivu na mwendo wa ovari, utelezi wa utumbo, halafu vinundu.

Uvimbe wa ovari ndio rahisi. Kwa kawaida ni chumba kimoja, ndani kijivu sawasawa kama kioo chenye ukungu, na Dopla haionyeshi damu ikipita ndani yake. Kifuko kilichovujia damu hufanana nao, ila mara nyingi kina nyuzi kama utando wa buibui, na hupotea chenyewe. Nikiwa na shaka narudia baada ya wiki 6 hadi 12. Kukiwa na kinyama ukutani chenye mtiririko wa damu, jina la endometriosisi naliweka kando na mgonjwa anaenda kwa bingwa wa saratani.

Sasa nasukuma. "Dada, nikigusa panapouma kama siku zako, niambie hapohapo." Ovari ya kawaida inasogea ikiguswa. Iliyoganda, yaani iliyoshikamana na vilivyo jirani, inaburuta kizazi, na zikiganda zote mbili hukutana nyuma yake.

Utelezi ndio unaorukwa mno. Mkono wa kulia uko kwenye probu, wa kushoto tumboni, juu kidogo ya mfupa wa kinena. Nasukuma mlango wa kizazi taratibu: utumbo ulio nyuma yake unatakiwa uteleze, kama kanga juu ya kanga. Halafu mkono wa kushoto unatikisa kizazi, niangalie kama utumbo unateleza na huko juu. Pakigoma sehemu moja tu, nahesabu pameganda. Ukisukuma kwa nguvu kila kitu kinakwenda pamoja nawe utadhani kinateleza. Ndiyo maana narekodi video. Kwa kizazi kilicholala nyuma, probu inasukuma kichwa cha kizazi badala ya mlango.

Kuganda peke yake hakutoshi. PID (maambukizi ya viungo vya uzazi) ya zamani na makovu ya upasuaji hugandisha vilevile, kwa hiyo naangalia kama mirija imejaa maji, na nauliza kama amewahi kupasuliwa.

Vinundu navitafuta kwenye kano za nyuma ya kizazi, ukuta wa uke, kibofu na utumbo. Msuli wa utumbo ni mstari mweusi mwembamba. Penye kinundu unanenepa ghafla. Gesi na choo hunidanganya hapa, ila choo husogea nikisubiri. Kinundu nakipima pande 3, na cha utumbo naandika kiko sentimita ngapi kutoka mkunduni, maana daktari wa upasuaji atauliza hilo kwanza.

Figo siziachi, hata foleni iwe ndefu vipi. Kinundu kinaweza kubana mrija wa mkojo, figo ikajaa na kufa bila kuuma.

Madoa ya juujuu kwenye utando wa tumbo kwa kawaida hayaonekani kwa ultrasaundi. Nisipoona kitu naandika hivi: "Hakuna uvimbe wa ovari wala kinundu kilichoonekana. Utumbo unateleza. Maumivu yapo nyuma ya kizazi, kushoto. Kipimo hiki hakiondoi endometriosisi."