Kuponi ambazo hazikukatwa

Jumamosi, soko la Kenya (mtaa wetu hapa Lubumbashi, si nchi), mama muuza karanga alikuwa karibu kufungia karanga kwa hati ya hisa ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoanzishwa 1906. Nikampa faranka 5000. Akacheka, akaniongezea karanga.

Karatasi nzito, kona moja imeliwa na mchwa. Kuponi zake, vipande vidogo vya kukata, zina namba: gawio (fungu la faida) lilipolipwa, mwenye hisa alikata moja kwa mkasi, akaitoa ili alipwe. Hapa mkasi umeishia safu ya tatu. Mali ya kampuni huku Kongo ilitaifishwa 1967.

Baba mkubwa, mzee wa mgodini, aliigeuza mara mbili, akahesabu kuponi zilizobaki kwa kidole.

"Sasa hizi, mtoto, wanalipia wapi?"