Nizime injini au niiache ingurume?

Mimi naendesha semi, lori la tela, huku Marekani. Mdogo wangu naye ni dereva, anapeleka makontena Lubumbashi kutoka Dar. Juzi kanipigia kwa video akiwa Tunduma, mpakani na Zambia. Kwake saa mbili asubuhi, kwangu saa tano usiku, nimeegesha nje kidogo ya Fargo, North Dakota. Hata salamu hazijaisha akauliza: "Kaka, mbona gari linaunguruma na wewe uko kitandani? Dizeli ya bure huko?" Yeye alikuwa kwenye foleni siku ya pili, moto kazima, katandika mkeka chini ya tela, tingo wake anakaanga mayai. Nikageuza simu nikamwonyesha dashibodi: nyuzi 15 chini ya sifuri kwa vipimo vya huku, yaani 26 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi usizime."

Laiti na ofisini wangekuwa wanajibu hivyo.

Huku kompyuta ya injini inaandika kila dakika ambayo gari limewashwa na halitembei, yaani liko sailensi. Kila Jumatatu asubuhi tableti inapiga mlio, naletewa asilimia yangu ya sailensi ya wiki iliyopita. Chini ya 20 kuna bonasi kidogo. Ukivuka hapo, dispacha, yule wa ofisini anayetupangia mizigo, anakupigia, na hakupigii kukujulia hali. Bosi namwelewa: injini ya semi ikiwa sailensi inakunywa kama galoni 0.8 kwa saa, lita tatu hivi. Sheria ya Marekani inaniruhusu kuendesha saa 11 ndani ya saa 14, baada ya hapo lazima nipumzike saa 10 mfululizo kabla sijaanza tena. Saa 10 za kulala huku injini inaunguruma ni galoni nane, lita thelathini, na gari halijasogea hata hatua moja. Zidisha kwa magari yote ya kampuni, kwa kila usiku.

Kinachonikera ni jinsi wanavyoipiga hiyo asilimia. Wanachukua saa za sailensi wanagawanya kwa saa zote ambazo injini imewaka. Wiki niliyoendesha saa 55 nikaacha gari likiunguruma saa 10, inasoma 15, mimi ni dereva mzuri. Wiki ambayo dispacha huyohuyo kakosa mizigo, nimeendesha saa 30 tu, saa zilezile 10 zinasoma 25, nimekuwa mfujaji. Sijabadilisha kitu, baridi ni ileile. Na ukipumzika zile saa 34 za kuanza upya hesabu ya saa za wiki huku gari linawaka, hata kama uliendesha saa 55, utaiona 38 Jumatatu. Niliwahi kumwandikia dispacha hesabu hiyo mstari kwa mstari. Alinijibu kwa kidole gumba.

Kosa langu kubwa lilikuwa msimu wangu wa kwanza wa baridi. Nilijaza tenki zote mbili karibu na Dallas, nikapanda kaskazini siku mbili, nikalala Watertown, South Dakota. Asilimia yangu ilikuwa 31 na nilishapigiwa simu mchana. Nikasema leo nitawaonyesha. Saa tatu usiku nikazima moto. Gari lile halikuwa na hita ya kitandani, kwa hiyo nilivaa makoti mawili, soksi tatu, nikajifunika blanketi mbili na kikoi cha mama juu yake. Nilipoamka, pumzi yangu ilikuwa imeganda ukutani kama chumvi, na chupa ya maji niliyoiweka pembeni ya mto ilikuwa jiwe. Nikapiga stata. Injini ikashika, ikakohoa mara mbili, ikafa. Nikapiga tena mpaka betri nazo zikachoka.

Fundi aliyekuja alikuwa mzee, hana hata glovu. Akaniuliza nimejaza wapi. Texas, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akafungua filta, akaniinamishia nione: dizeli imeganda, nyeupe, nzito, kama samli iliyokaa kwenye kopo. Dizeli ina nta ndani yake. Kusini wanauza ile ya kawaida, kaskazini wakati wa baridi wanaichanganya na dizeli nyepesi. Tena ukiwa na mafuta ya kusini unatakiwa utie dawa yake mapema, ikingali majimaji. Ikishaganda, ile dawa ya kawaida haisaidii. Akamwaga dawa nyingine kali tenkini, akabadilisha filta, akachaji betri. Dola mia sita na ushee, na mzigo ukachelewa siku nzima. Nilikuwa nimeokoa galoni nane. Dispacha aliyeniambia nizime ndiye aliyeniuliza kwa nini sikutia dawa.

Gari la sasa lina hita ndogo chini ya kitanda, inachoma dizeli kidogo mno, usiku mzima haifiki hata galoni moja. Hii ndiyo iliyonishushia asilimia kuliko ujanja wowote. Ila inatumia betri kuzungushia feni, kwa hiyo friji nazima nikilala, simu nachaji mchana. Kioo cha mbele nakiziba kwa karatasi ile inayong'aa ya rangi ya fedha, na naegesha nikiupa upepo mgongo wa tela. Nikiweza kupanga njia, Wyoming naipita mchana, nikalale nyanda za chini, maana kule juu barabara kuu ya I-80 ikifungwa kwa theluji na upepo unakaa hapo hata siku mbili. Na mstari wangu ni mmoja: ikifika sifuri ya Fahrenheit, yaani 18 chini kwa Selsiasi, sizimi. Wapige simu wanavyotaka.

California ni habari nyingine. Kule sailensi ya zaidi ya dakika tano ni faini, kuanzia dola 300, na tangu 2008 hata sisi wenye vitanda garini tumo, isipokuwa injini yako iwe na kile kibandiko cha kuthibitisha inatoa moshi safi. Nimelala Barstow, kule jangwani, mwezi wa saba na gari lisilo na kibandiko. Siongezi neno.

Kuna kitu madereva wageni hawaambiwi: sailensi ya muda mrefu inaziba filta ya masizi kwenye ekzosi, kwa sababu injini haipati joto la kuyachoma. Kwa hiyo nikisubiri kupakuliwa ghalani, saa mbili tatu, hali ya hewa nzuri, nazima. Wengi asilimia yao inaliwa hapo wala siyo usingizini, kwa mazoea tu. Mimi pia nilikuwa hivyo, nikidhani injini ikizimwa kazi imesimama.

Leo nimeamka na ujumbe wa mdogo wangu: amevuka Nakonde, upande wa Zambia. Wiki yangu imesoma 23. Dispacha bado hajapiga.