Luticola na majina ya kuazima

Wiki hii kazi yangu yote imekuwa Luticola. Ni jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya diatomu, mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika, madini ya kutengenezea kioo, na katika vijito vya Bonde la Taylor, Antaktika, haikosekani. Vijito hivyo hupata maji wiki chache tu za kiangazi cha huko, barafu inapoyeyuka. Muda uliobaki utando wa mwani hukauka juu ya mawe kama ukoko wa wali, lakini haufi. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walirudisha maji kwenye mkondo uliokaa mkavu takriban miaka 20, na ndani ya wiki moja utando ulikuwa umeshaanza kustawi. Kila nikiikumbuka habari hiyo nashindwa kuuona utando huu kuwa uchafu wa mawe.

Sampuli tunaichemsha kwa haidrojeni peroksaidi hadi libaki ganda tupu. Kisha ni hadubini, lenzi ya mafuta, ukuzaji wa mara 1000. Luticola naitambua kwa kitundu kimoja kilichojitenga upande mmoja wa katikati. Jenasi ni rahisi. Spishi ndiyo inayokula siku. Nahesabu mistari ya ganda ndani ya mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), napima upana, natazama ncha za ganda zimechongoka au zimevimba, na ufa wa katikati umepindia wapi.

Mwanabiolojia James Murray alikusanya mwani katika vidimbwi vya Cape Royds, Antaktika, wakati wa msafara wa mpelelezi Shackleton wa 1907–1909. Tangu enzi hizo diatomu nyingi za kusini zimepewa majina ya spishi za Ulaya, kwa imani kwamba viumbe wadogo namna hii wako kila mahali. Jina la diatomu Hantzschia amphioxys ni mfano: chochote kilichoifanana kiliingizwa humo. Walipochunguzwa kwa makini, wengi walionekana ni wa kusini peke yake. Hilo linaniuma, maana jina la kuazima linamfuta mwenyeji kwenye orodha ya kwao.

Kwa hiyo ganda lisiloafikiana na maelezo ya spishi zinazojulikana naliandika “Luticola sp.”, yaani Luticola ambayo spishi yake haijatambuliwa, napiga picha, naweka vipimo vyake pembeni. Ninalo moja sasa, jembamba kuliko wenzake, na ncha zake zimevimba kidogo. Kesho nitatafuta mengine kama hilo kwenye slaidi ileile. Ganda moja halitoshi kusema lolote.